Mkono wa Mwenyekiti

Kwa Daktari Umulkheir,
Wodi ya Wanaume, Isiolo.

Salaam aleikum, daktari. Mimi ni Gichunge wa Wabera, mdogo wake Salesio, yule mgonjwa wako wa kiharusi anayelishwa kwa mpira wa puani. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimeudhika sana. Ulituambia ubongo wake umeharibika, hatatujua tena, kisha ukauliza kama mpira uondolewe aende kwa amani. Kamati ya familia imekaa, na haya ndiyo malalamiko yake.

1. Ulimuuliza Gatwiri kwanza. Gatwiri ni mke tu. Anamgeuza, anamwosha, anampangusa mate. Mtu aliyezama kwenye kazi hivyo hawezi kuona mambo kwa upana kama sisi tunaomfuatilia kwenye WhatsApp.

2. Unasema hasikii. Mbona tangu augue hajakosa mkutano hata mmoja? Yeye ndiye mwenyekiti wetu, nasi tunakutana kando ya kitanda chake. Zamani ukigusia shamba lake la Rapsu, anakufukuza. Siku hizi nasema anayepinga ainue mkono, ananyamaza, tunapitisha. Shamba sasa nalima mimi. Familia haijawahi kuwa na umoja kama huu, na wewe ndiye unayetaka kutuondolea mwenyekiti!

3. Ni kweli juzi nilipouliza nani anapinga, mkono wake uliinuka ukaung'oa mpira. Lakini wewe mwenyewe ulisema mkono huo hujiinua tu bila yeye kujua, kwa hivyo hatukuuhesabu. Kimya chake ndicho tunachohesabu. Mkono tumeufunga kitandani kwa leso ya Gatwiri, na kila tukiondoka Sista Florence anaufungua. Aonywe. Yeye si mwanakamati.

4. Gatwiri anadai Salesio alisema, akiwa mzima, kwamba asiwekwe hivi. Alisemea wapi? Mezani, akila mukimo. Maneno ya mezani si azimio.

Kwa hiyo mpira ubaki, na uji uongezwe. Wauzaji miraa wenzake wanachagua mwenyekiti wao mwaka ujao, nasi tumempendekeza agombee. Kwa hali aliyo nayo hawezi kukosana na mpiga kura hata mmoja.

Wasalimie manesi wote, hata huyo Florence, pamoja na wagonjwa wa vitanda vya jirani wanaovumilia mikutano yetu.

Wako mtiifu,
Gichunge,
Katibu wa Kamati.

N.B. Siku ya mukimo, aliyekuwa mezani na Salesio ni mimi. Gatwiri alisikia akiwa jikoni. Tulikuwa tumetoka kumzika baba, naye baba tulimlisha kwa mpira hadi mwisho. Salesio aliniambia nisimfanyie vile. Akasema anajua nitaogopa kubaki peke yangu, lakini nimwache aende, nami nikakubali. Naogopa kweli, daktari. Msikilize Gatwiri. Kesho nakuja bila kamati, niufungue ule mkono mwenyewe, niushike.