Waifai kwa Shikamoo

Jumatatu, 4 Mei
Historia ya Mtopanga ikiandikwa, ukurasa wa kwanza ni wangu. Wale waliotandaza waya wa intaneti chini ya bahari, wallahi waliniuliza mimi pa kuutokezea. Sasa Nasreen, binti ya dada yangu, katia waifai nyumbani kwa ajili ya mahojiano ya kazi ya hoteli. Alhamisi saa nne, kwa video. Saa nyingine zote inamwagika bure kama mfereji mbovu. Dhambi! Nitaugawia mtaa. Sharti moja tu: mtu aje barazani aniamkie. Paswadi nimemwamuru Nasreen aweke shikamoomjombahashim. Kaguna. Kaiweka.

Jumanne, 5 Mei
Watu thelathini na wanane! Viatu hadi njiani. Nimeitikia marahaba mpaka taya zinauma. Bi Mwanatatu, ajuza wa nyumba ya nyuma, kaja kumwona mjukuu wake aliye Maskati. Nilipomkumbusha sharti akaniuliza, mbele ya watu, kama mikono iliyonitawaza utotoni ndiyo ije iniamkie. Nikampa bila sharti. Baya, jirani wa ukutani, hakuja. Ana waifai yake. Kazi yake kutangaza dukani kwamba yeye ni mkubwa wangu, mimi ndiye wa kumwamkia. Uzushi! Cheti changu kililiwa na mchwa, la sivyo ningemwonyesha.

Jumatano, 6 Mei
Nasreen kaniomba kesho saa nne watu watoke. Kazi hii kaitafuta miaka miwili. Nikamwambia atulie. Mtaa mzima uko mkononi mwangu.

Alhamisi, 7 Mei
Saa nne kasorobo nikawatangazia wazime simu. Wote: haya, Mjomba! Hakuzima hata mmoja. Saa nne na dakika mbili Nasreen kaganda kwenye kioo, mdomo wazi. Nikachomoa waya wa waifai ili watoke. Nilipourudisha, wao ndio walioingia kwanza! Mtoto machozi. Baya akachungulia juu ya ukuta: binti aje kwake mbio, lakini mjomba wake atangulie, na asiingie kimya. Baraza lote likanigeukia.
Nikasema. Kwa sauti ndogo.
Baya akasema hakusikia.

Ijumaa, 8 Mei
Nasreen kapata kazi! Msikitini nimewaeleza nilivyoisimamia. Paswadi kaibadilisha, hanipi, mimi mjomba wake wa damu. Haidhuru. Nimeichunguza waifai ya Baya. Yeye na mkewe tu, wataimaliza lini? Inamwagika! Kesho inshallah naugawia mtaa, barazani kwangu, sharti lile lile. Paswadi kanipa mwenyewe, bila ubishi, akicheka: shikamookakabaya.
Nimeiingiza mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea kwa hasira.
Kweli kanizidi. Miaka minne.