Nilivyokwenda Kukagua Sufuria la Mama Kulwa

Leo sina pa kuuficha uso. Nawaandikieni mapema, rafiki zangu mlioko Nkome, kabla wachuuzi wa dagaa hawajawafikishia habari hii wakiwa wameitia chumvi yao.

Mnajua nilivyo. (Mke wangu anasema hata chai ya nyumbani nainusa kwanza.) Sasa, hapa Geita mbwa wa mitaani wamepungua. Zamani asubuhi sokoni ungewakuta kundi zima wanagombea mifupa. Siku hizi wawili, watatu. Watu wanafurahi. Mimi nikajiuliza: wanakwenda wapi?

Nikapeleleza, nikafika kwa Mama Kulwa, mjane wa Kisukuma anayekaa karibu na josho la ng'ombe. Amezungusha boma la miiba, humo anaweka mbwa wasio na wenyewe. Na kila alasiri anachemsha nyama. Sufuria zima! Mjane, nyama kila siku, wakati sisi sukari tunaipangia foleni? Na mishkaki ya stendi mbona imekuwa mingi ghafla? Hapo nikajua.

Jumapili tunachagua balozi wa nyumba kumi. Kiti ni changu, ila fundi baiskeli anakimezea mate. Nikasema, nikilifichua hili, nani atanigusa?

Basi leo baada ya sala ya Ijumaa, na kanzu yangu nyeupe pee, nikapaza sauti: "Twendeni mkajionee mnachokula!" Wakaja wote, shehe akiwemo. Fundi baiskeli alitangulia.

"Mwadila, balozi," Mama Kulwa akanisalimu, mwiko mkononi.

"Funua sufuria!" (Hata salamu sikuitika. Nilikuwa serikali.)

Akafunua. Utumbo, kwato na pumba za mahindi.

"Machinjioni wanavitupa, baba. Nawapikia mbwa. Nikupakulie?"

Watu wakaangua kicheko. Sikukubali.

"Na mbwa wenyewe mnawapeleka wapi?"

Bwana mifugo akatokeza bomani na bomba la sindano. "Tunawachanja, tunawahasi, kisha wafugaji wanawachukua wakalinde ng'ombe. Ukiwaua tu, balozi, baada ya muda mtaa unajaa wengine. Wakihasiwa hawazai. Ndiyo maana unaona wamepungua."

Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini mdomo huu! Nikanyoosha kidole: "Basi aliyewazalisha wote hawa ni nani? Kuna mtu ana mbwa wake, kamwachia azurure! Ajitokeze!"

Akajitokeza mbwa. Jike la kahawia, sikio moja limekatika. Aliruka miiba, akanivaa kifuani, matope yote juu ya kanzu, akanilamba ndevu huku akilia kwa furaha.

Ndugu zangu, yule mbwa ni wangu. Miaka mitatu namlisha kwa siri nyuma ya duka langu, anilindie vitambaa ninavyouza. Bwana mifugo alipopita kuandikisha mbwa nilimwambia, "Mimi mtu wa msikitini, mbwa wa nini?" Nilidhani sindano zao ni za kuua. Alipopotea, sikuthubutu kumuuliza mtu. Na niseme kweli: wakati nadai sufuria lifunuliwe, nilikuwa naogopa kumwona yeye humo ndani.

"Unamjua huyu?" akauliza bwana mifugo.

"Simjui!"

Mbwa akaketi juu ya viatu vyangu.

"Huyu ndiye mama yao," akasema Mama Kulwa. "Wengi waliomo humu ni wanawe na wajukuu. Tulikuwa tunamtafuta mwenyewe."

"Balozi," akasema fundi baiskeli kwa upole mwingi, "ulisema ajitokeze nani?"

Nikamtazama shehe aniokoe. Akatikisa kichwa. "Mbwa wa kulinda mali hana kosa, bwana. Lakini kumkana mbele yake! Hata yeye ameona haya."

Kicheko kilichofuata kilifika machinjioni.

Nimerudi naye mchana kweupe, kamba ya katani mkononi, mtaa mzima nyuma yangu. Mke wangu alipotuona akapiga vigelegele, "Amerudi!" (Kumbe naye alikuwa akimlisha kisirisiri.)

Tafadhalini, msicheke. Jumapili nategemea kura moja tu, ya mke wangu, na hiyo nayo bado naichunguza.