Nilivyowapima Masikini wa Feri

Jamani, nimeaibika leo, tena mchana kweupe, tena na saumu yangu. (Hilo la saumu tutalifikia.) Nawaambia mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wa mtaa wa Kuze wakaongeza chumvi.

Mnajua Ramadhani hii ndimi niliyepewa daftari la futari msikitini kwetu. Mimi ndiye nisemaye nani masikini wa haki na nani tapeli. Kazi ikanivaa. Nimeshawakata watu wanane: mmoja ana saa ya mkononi, mwingine ana kitambi. (Mimi pia ninacho, lakini mimi siombi.)

Leo nikabuni mtihani. Nitakwenda kivukoni Feri adhuhuri, niwape chakula wale wanaolala pale. Atakayepokea hakufunga, na asiyefunga futari ya nini? Nikajiona nina akili kuliko kamati nzima.

Nikaingia hoteli moja iliyoshusha pazia mlangoni, zile za wasiofunga, nikanunua viazi vya karai. Vya moto, na ukwaju juu. Sasa, utampaje mtu chakula usichokijua ladha yake? Nikaonja kimoja nyuma ya pazia. Cha pili nikakionja kwa sababu cha kwanza sikukisikia vizuri. Vilivyobaki nikavifunga kwenye gazeti.

Pale Feri nikamkuta mzee amelala juu ya gunia, kanzu yake viraka vitupu. Nikamwamsha.

"Assalaam aleikum, babu. Karibu ule."

"Waaleikum salaam. Nimefunga, mwanangu."

Mtu mwenye haya angeandika jina akaenda zake. Mimi nikambana. "Hata kimoja? Hakuna anayekuona."

Akaniangalia usoni, taratibu. "Mimi nakuona wewe. Pangusa masharubu, yana ukwaju."

Wauza njugu wakaangua kicheko. Nikageuka nikimbie, nikagongana kifua kwa kifua na Ustadhi, mwenyekiti wa kamati yetu, aliyeshuka feri kutoka Likoni. Alikuwa nyuma yangu muda wote. Viazi mkononi, ukwaju mdomoni, wallahi nilitamani feri inipande.

"Ni mtihani, Ustadhi," nikasema.

"Naona. Umeanguka. Lete daftari."

Nikampa. Hapo ningeweza kuondoka na aibu yangu ya kawaida, lakini yule mzee akaamua kunitetea. Akainuka kwenye gunia, akamshika Ustadhi mkono.

"Usimkaripie, Ustadhi. Kijana wa watu njaa imemzidi. Muandikeni naye apate futari."

Nikadhani Ustadhi atacheka. Hakucheka. Alitoa kalamu mfukoni, akawarudisha wale wanane wote, akamuandika mzee, na chini ya mzee akaniandika mimi, jina langu kamili na la baba yangu.

Tende za futari zinagawiwa msikitini kesho baada ya alasiri, na Ustadhi amesema asiyekuja mwenyewe ataletewa nyumbani kwao, mbele ya mama yake. Kwa hivyo nitapanga foleni. Mkipita hapo, niombeeni, lakini msinisalimie.