Mlango wa Seva Nimeufunga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya kumi na tisa bila sauti yake. Seva, kompyuta kuu ya tawi letu, iko stoo kwetu, lakini Msimamizi wake anaiendesha akiwa makao makuu, mwendo wa saa nne kwa basi. Ikiwa nzima, hana haja nami. Nimemwona mara moja tu, kwenye semina. Aliniazima chaja. Sijairudisha. Namkumbuka mno.
Nikapata akili. Nilikosea nywila makusudi mara tano, seva ikanifungia nje. Nikampigia. Akasema nisubiri dakika kumi, itanifungulia yenyewe. Simu nzima sekunde kumi na nne, salamu zikiwemo!

Jumanne, 4 Juni
Nimelegeza ruhusa za faili la ufunguo wangu, ule wa kuingilia seva bila nywila, kila mtumiaji aweze kulisoma. Seva ikanikataa papo hapo. Msimamizi akataka nimsomee ujumbe wa kosa, neno kwa neno. Nikasoma taratibu, kama barua. Akacheka! Akasema ufunguo ulioachwa wazi kwa kila mtu, mashine haiuamini. Nikiwa naandaa swali la pili, Fundi Printa, jirani yangu wa meza, akanyoosha mkono akaandika amri moja. Nikaingia. Msimamizi akaaga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 5 Juni
Sikufanya lolote. Nimeitazama simu. Dada kasema chakula kinapoa, nikamjibu kwamba mtandao uko sawa.

Alhamisi, 6 Juni
Liwalo na liwe. Nimeingia kwenye seva na kufunga mlango wa kuingilia kwa mbali. Kwa wote. Hata mimi niko nje. Sasa lazima mtu akae mbele ya mashine yenyewe, na pale stoo inakubali nywila ya Msimamizi tu. Nywila hiyo haitajwi kwenye simu. Kanuni aliiandika yeye.
Ofisi nzima imekaa bila kazi. Meneja akampigia. Anakuja mwenyewe kesho, basi la kwanza! Nimepiga pasi shati mara mbili. Dada kauliza nani anaoa.
Jioni Meneja akapiga tena. Ripoti inatakiwa kesho, na nakala ya mafaili iko makao makuu. Kwa kuwa sina kazi, niende nikaiandae huko. Basi la kwanza.

Ijumaa, 7 Juni
Tulipishana njiani. Niliona basi lao, nikapunga mkono. Dereva wao akapunga.
Wamenikalisha kwenye meza yake. Sweta lake liko mgongoni mwa kiti. Sikuligusa. Nililigusa kidogo. Ukutani kabandika orodha ya matawi, na mbele ya namba yangu ya simu kaandika: huyu aelezwe polepole. Polepole! Nimekagua matawi yote kumi na moja. Hakuna mwingine aliyeandikiwa hivyo.
Ripoti nimeituma ikiwa nusu.

Jumatatu, 10 Juni
Fundi Printa kanisimulia yote, bila kuulizwa. Msimamizi alifungua mlango kwa dakika tisa. Basi la mchana akaliacha makusudi. Akakaa kwenye kiti changu hadi saa kumi, akiuliza kila mara kama nimerudi. Akauliza na chaja yake. Kisha akaondoka, maana la saa kumi ndilo la mwisho.
Alinisubiri. Hapa, kwenye kiti hiki! Moyo unauma.
Ameacha karatasi: pole kwa safari, ameweka mlango wa pili, wa kwanza ukifungwa tuingilie huo, nisihangaike tena kumpigia.
Fundi Printa kasema si nimpigie tu nimsalimie. Huyo printa zimemharibu. Nimpigie seva ikiwa nzima? Nitamwambia nini?
Saa tano nimefunga mlango wa pili. Saa tano na dakika moja, wa kwanza. Meneja nimeshamtahadharisha kwamba wiki hii mabasi yananitapisha.