Kufuli la Idara ya Vifuniko

Wananchi watukufu, shangilieni! Aliyeharibu hewa ya nchi yetu amepatikana. Baada ya uchunguzi wa kina, wa kitaalamu na shirikishi, Idara ya Vifuniko, ambayo mimi ndiye mkuu wake, imebaini chanzo cha majivu meupe yanayoanguka juu ya mapaa yetu, cha majani yanayonyauka yangali machanga, na cha kuku wanaotembea uchi mitaani bila hata unyoya mmoja. Chanzo ni raia wanaopika bila kufunika sufuria.

Najua wapo wenye midomo mirefu. Watasema majivu yalianza siku ile bomu la taifa lilipojaribiwa nyuma ya vilima. Ni kweli bomu lililipuka, na ni kweli majivu yakafuata, lakini huo ni mfuatano wa matukio tu. Hata mimi niliwahi kupiga chafya na mvua ikanyesha, na hakuna aliyenipa wizara ya maji. Isitoshe, wataalamu wametuhakikishia kwamba uwanja wa majaribio ni safi na salama, kiasi kwamba mtu anaweza kutandika mkeka akalala. Sasa kama bomu ni safi, uchafu umetoka wapi? Umetoka jikoni. Hiyo haihitaji shahada.

Ndipo nikaandika Kanuni ya Moto. Inasema: yeyote awashaye chochote kitoacho moshi, mvuke au majivu atakifunika, na atakaa kando yake mpaka mahali pale papoe. Asipokaa, mahali pake patatiwa kufuli. Rasimu yangu ilitaja sufuria peke yake, lakini Mheshimiwa Waziri aliona mbali.

"Wananchi hawa wajanja," aliniambia. "Ukiandika sufuria, watapikia ndoo. Andika chochote."

Nikaandika chochote. Ndiyo maana yeye ni waziri na mimi ni mimi.

Mkosaji wa kwanza kunaswa akawa mama mkwe wangu. Ana kibanda cha chai na maharage mbele ya gereji, na mafundi wote wa pale hula kwake. Hata mimi nilikula kwake kabla sijawa mkubwa. Wakaguzi wangu walikuta sufuria inatokota, kifuniko pembeni, mwenyewe hayupo. Nikaenda binafsi, nimevaa suti, kufuli mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Umekuja kula au umekuja na hilo kufuli?"

"Nimekuja kiserikali, mama."

"Basi kaa kiserikali. Benchi hilo hapo."

Nikakaa. Nikakohoa kidogo ili sauti iwe ya ofisi. "Mama, ulikuwa wapi wakati sufuria yako inachafua anga?"

"Zahanati, na mwanao. Alichezea yale majivu uani, mikono ikaanza kubabuka ngozi. Ningemwita nani? Wewe ulikuwa kwenye warsha ya vifuniko."

Yule binti yangu ndiye mtu pekee anayecheka nikitania, na nilitaka niondoke mbio kwenda kumwona. Lakini nikakumbuka kiapo cha kazi.

"Atakuwa alisogelea mvuke," nikasema.

Mama mkwe akanipakulia sahani ya maharage. Afadhali angenipiga kwa mwiko. Nikala nusu, nikamwandikia wito wa kufika mbele ya Waziri, nikatoka nikiangalia viatu vyangu. Kibanda kile ndicho kinachomlisha tangu baba mkwe afariki, na kufuli langu lilikuwa limebakiza kikao kimoja tu kukifunga. Nyumbani mke wangu aliniwekea sahani mezani, imefunikwa vizuri kama kanuni inavyotaka. Nilipofunua, hamkuwa na kitu.

Waziri alifurahi mno kusikia ni mkwe wangu. "Hiyo ni picha nzuri kwa umma," alisema. "Sheria haina mama mkwe!" Akaagiza ukumbi mkubwa, wanahabari na kipaza sauti. Mafundi wa gereji walijaa viti vya nyuma na ovaroli zao za grisi. Mezani tulikiweka kielelezo, yaani kifuniko cha sufuria yenyewe. Kando ya kifuniko, kufuli.

"Una utetezi?" Waziri akauliza.

"Sina, baba. Moto niliwasha mimi, nikauacha. Ila nina swali. Ule mkubwa wa nyuma ya vilima aliuwasha nani?"

Hapo alimgusa penyewe. Magazeti yalikuwa yakibishana kama sifa ya jaribio ni ya Waziri au ya Jenerali, na Waziri alikuwa hapati usingizi kwa ajili hiyo. Akaruka kutoka kitini.

"Ni mimi! Jenerali alishika mwavuli tu. Kitufe nilibonyeza mimi, kwa kidole hiki hiki!" Akakiinua, kamera zikamulika.

"Ulitoa moshi?"

"Moshi? Mama, ulifika mawinguni! Hata majirani waliuona, wakanyamaza!"

"Uliufunika?"

Waziri akanigeukia. Ukumbi mzima ukanigeukia. Mimi ni mtumishi wa umma, na ikitokea utata wa kanuni, naisoma. Nikaisoma. Nilipofika kwenye neno chochote, sauti ilinipanda yenyewe.

"Si akae kando basi mpaka papoe!" fundi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Mkeka tutachanga!"

"Mheshimiwa," nikasema kwa adabu zote, "gari liko tayari."

"Mna wazimu?" Waziri akafoka. "Pale hapakaliki! Hata panya wamekufa! Ukikaa pale ngozi inakubabuka yote! Mnataka kuniua?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Mama mkwe hakumwangalia Waziri hata kidogo. Alikuwa anamwangalia mjukuu wake, aliyekaa mapajani kwa mke wangu, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Nami nikamwangalia. Nilishikwa na aibu, kisha hasira, hali ambazo mwongozo wa idara hauzitaji.

"Kukataa kukaa kumethibitika," nikatangaza. "Kanuni inaelekeza kufuli."

"Tia! Tia hata mawili, lakini mimi sikai!"

Nikachukua kufuli. Waziri naye, alipoona mafundi wanasogea, akakwapua kifuniko mezani kama ngao na kukimbilia kwenye lile gari lililokuwa tayari kwenda uwanjani.

Hivyo nautaarifu umma kwamba kibanda cha mama mkwe kiko wazi na uwanja wa majaribio umefungwa. Gari lilipotufikisha getini, askari alinizuia, akauliza kwa amri ya nani. Nikamwonyesha aliyewasha, maana kanuni inamtaka awepo. Mheshimiwa alikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa mpaka juu. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka vilimani, kwa hiyo alijifunika kile kifuniko kichwani, akawa ananipungia mkono niharakishe.

Mama mkwe ameomba kifuniko chake, maana maharage yako jikoni na kanuni ni kanuni. Tumemfuatilia Mheshimiwa kwa simu na kwa kumgongea kioo. Amekataa kabisa kukiachia.