Kuhusu Serikali Iliyoachwa Kwenye Meza Yangu ya Kushonea

Mheshimiwa Waziri wa Madaraka ya Mikoani,

Pole na majukumu. Mimi ni mama fundi cherehani, kibanda changu kinatazamana na ofisi ya mtaa. Nakuandikia kwa adabu zote nikuombe uje uchukue madaraka yako, maana yako kwangu na yananizibia njia.

Huenda hujui yalivyofika. Mwaka jana ulitangaza kwamba madaraka na fedha vimeshushwa mkoani ili wananchi tujiamulie. Tulipiga vigelegele, mimi nilipiga mpaka nikaunguza shati la mteja kwa pasi. Mkoa ukapokea mzigo, ukauona mzito, ukaushusha wilayani. Wilaya ikaushusha mtaani. Fedha nazo zilikuwa zinashuka, ila kila ngazi zilipumzika kidogo, na nasikia bado zimelala. Katika ofisi ya mtaa alikuwamo shemeji yangu tu, karani, na ofisi yenyewe haina hata meza. Jumanne moja alivuka barabara na mafaili kichwani. "Shemeji, nishikie hii serikali kidogo, naenda kung'oa jino." Huu ni mwezi wa tano hajarudi. Jino gani hilo, Mheshimiwa?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nafasi. Ardhi iko chini ya cherehani, Elimu iko kwenye kapu la vitambaa, Afya nimeitundika pamoja na makoti. Juzi mteja alivaa koti lake akaondoka na mpango mzima wa chanjo mfukoni.

2. Daraja. Wakazi walikuja kusema limekatika, serikali ikalipime. Serikali ndiyo mimi. Nikabeba futi yangu ya kamba, nikalipima ninavyojua: mabega, kiuno, urefu. Nikaandika kwamba lipunguzwe kiunoni na liongezwe pindo. Mhandisi wa mkoa akajibu kwamba hiyo ndiyo ripoti ya kwanza kumfikia ikiwa imekamilika, akaipitisha.

3. Zahanati. Mkunga alikuja na ndoo tupu. Bomba la chumba cha kuzalia lilikuwa limekauka miaka minne. "Mama fundi," akasema, "jana nimempokea mtoto, nikamfuta kwa maji ya chupa yangu ya chai." Niliona haya, ingawa aibu yenyewe ilikuwa yako. Sasa, fundi bomba wa mkoa alikuwa na suruali yake kwangu. Nikamwambia, "Suruali hii haitoki hapa mpaka maji yatoke kule." Yakatoka kesho yake. Tangu hapo sipumui. Watu wa mitaa mingine wanakuja na shida zao wakijifanya wanaleta nguo, na wengine nguo zenyewe hazijachanika popote.

4. Binti wa dada yangu. Hili ndilo lililoniliza. Asubuhi ya harusi yake alikuja kuchukua gauni, akanikuta naamua mpaka wa shamba baina ya ndugu wawili waliokabana makoo. Gauni lilikuwa na mkono mmoja. "Mama mdogo," akaniuliza, "huu mkono mwingine nikauombe wapi, wilayani?" Aliolewa akiwa amejifunika bega kwa mtandio, na dada yangu hanisemeshi mpaka leo.

5. Wakubwa. Mkoa umeniandikia kuomba idhini ya kununua gari. Wilaya inaomba likizo. Na ofisi yako mwenyewe, Mheshimiwa, imeniletea fomu ikiuliza kama nina pingamizi wewe ukiendelea na kazi. Mimi ni mtu wa vifungo na zipu! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, lakini huu wako umenipinda mgongo.

Naomba basi utume mtu aje na gari, ayachukue yote kabla cherehani haijashika kutu.

Nisalimie mkoa, nisalimie wilaya, na fedha popote zilipolala uziambie tunaziulizia hali.

Mtiifu wako kwa kukosa njia,

Mama Fundi,
Kaimu Serikali

Tanbihi: Kwa utaratibu mpya, barua yoyote kwa waziri sharti kwanza ipitiwe na mamlaka ya mtaa. Nimeipitia, mara mbili. Mwandishi ana uchungu wa kweli, hasa kuhusu gauni, lakini hakueleza yeye akishaondoka nani atamzuilia fundi bomba suruali. Ombi limekataliwa. Mwombaji arudi mezani, watu wanasubiri.