Tarakimu ya Mkiani

Jumatatu, 3 Machi
Bosi wa idara ya maji kaja ghalani, kanikuta nakunywa chai. Kasema sanduku moja tu likienda kusikotakiwa, Ijumaa narudisha funguo. Mimi! Mwaka wa thelathini na moja huu nashika ghala. Shule niliacha darasa la tatu kwa hiari yangu, mwalimu alikuwa ananichelewesha.

Mkwe wangu, mke wa kijana wangu, anaandika programu za kompyuta. Kasema anayo moja: unaipa namba ya sanduku, inapiga hesabu, inaongeza tarakimu moja mwishoni. Ukikosea kuandika, tarakimu ile haioani na zingine, mashine inakataa. Nikamwambia ahsante mwanangu, hesabu hata mimi ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Nimetunga yangu! Kabla ya uji. Unajumlisha tarakimu zote, ile ya mwisho ya jumla unaibandika mkiani. 4172 jumla yake kumi na nne, basi 41724. Masanduku mia mbili nimeyaandika kwa chaki.

Mchana msukuma toroli kaleta karatasi ya 35096. Nikajumlisha: kumi na saba. Mkia ulitakiwa saba! Kumbe kaandika tisa penye nane. Nimemsimulia kila mtu, mlinzi mara mbili. Mkwe kauliza kama nimejaribu tarakimu zikipishana. Nikamjibu nilianza kuhesabu babake hajaota meno.

Jumatano, 5 Machi
Kituo cha pampu kimeomba vali, sanduku 4172. Nikaandika 4127. Vumbi la miwani. Nikajumlisha: kumi na nne. Mkia nne. Safi. Nikagonga muhuri meza ikatikisika.

Saa nane fundi wa pampu kapiga simu, sauti kavu kama bomba lake. Kafungua sanduku, kakuta vifuniko arobaini vya choo. Nusu ya mji haina maji. Kauliza avifunge wapi. Nikamwambia jumla iko sawa.

Mkwe kacheka hadi kaketi sakafuni. Halafu akasema taratibu, "Baba, hesabu yako inajua wote wamefika. Haijui nani kakalia kiti cha nani."

Yake inazidisha kila tarakimu kwa nafasi yake kwanza, ndiyo maana zikipishana inashtuka. Nikasema nilikuwa nakaribia hapo hapo.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kaja kiganja wazi, tayari kupokea funguo. Mkwe alikwishaweka programu yake kwenye kompyuta ya ghala jana, na masanduku yote yakapata mikia mipya. Bosi kaandika karatasi ishirini, nusu kazikosea makusudi. Mashine ikazikataa zile kumi, moja moja, bila haya. Bosi kakuna kidevu, kasema nibaki na funguo mwezi mmoja, aone. Nikamweleza kuwa ni kazi ya familia, wazo kubwa likiwa langu.

Jumatatu, 10 Machi
Mashine kaidi sana. Leo imekataa karatasi ya kituo cha pampu, niliyoiandika kwa mkono wangu huu! Lakini nimegundua dawa yake. Ikikataa, unabadilisha tarakimu ya mkiani tu, moja baada ya nyingine, mpaka inyamaze. Ya sita ikakubali. Sikumwambia mkwe, asije akaumia kujua programu yake ina kasoro.

Sanduku limeondoka saa nne. Zito kiasi chake.

Simu inalia. Fundi wa pampu. Bila shaka anataka kunishukuru.